Dumu la Maji ya Bahari Kwenda Mikumi

Nilipowaambia kwamba nakwenda Mikumi kupeleka maji, mlicheka wote pale kijiweni. Masika ndiyo hayo, mabonde ya Kilosa yamefurika, na mimi nabeba dumu la maji nawapelekea. Niliaga siku nne nikarudi baada ya wiki tatu. Tangu nirudi kila mmoja ananiuliza kwa wakati wake, na kila nikisimulia nasahau kitu. Basi nimekaa nimeandika yote mara moja. Someni, kisha mniache nicheze bao.

Kwanza maji yenyewe. Mnamkumbuka Dokta Anjela, yule dada aliyekuwa akiingia mikokoni na mabuti ya mpira hadi magotini. Si daktari wa sindano, ni wa utafiti. Mwaka juzi alinichukua nimbebee vipande vya mikoko iliyooza, ile ambayo bahari huifunika na kuiacha kila siku. Siku mbili nilibeba nikinyamaza, nikijua nimepata kichaa mwenye mshahara. Siku ya tatu nikauliza. Shule niliacha darasa la sita, lakini maswali hayakuniacha.

Alinieleza tukiwa tumekaa juu ya mizizi. Ndani ya mti uliooza kwenye chumvi huishi ukungu, yeye huuita kuvu. Ni kiumbe kisicho na meno wala miguu, kimebanwa na majirani wengi wanaotaka kipande kilekile cha mti, kwa hiyo kinajilinda kwa sumu. Baadhi ya sumu hizo zikidondoshwa kwenye chembe za kansa ndani ya kichupa cha maabara, chembe zinakufa. Nyingi haziui chochote. Nyingine zinaua kila kitu, na hizo hazina faida. Kazi yake ilikuwa kutafuta ile inayochagua.

Katika vipande vyote nilivyobeba, cha kumi na saba ndicho kilichotoa kuvu iliyomfanya anyamaze. Ilikuwa nyeupe kama pamba, na kuizunguka ilitoa rangi ya njano kama kiini cha yai la kienyeji. Ile njano ndiyo iliyoua chembe. Tangu siku hiyo kuvu hiyo iliitwa Kumi na Saba, nami nikajiona kama baba yake wa ubatizo.

Halafu mabaya yakaja pamoja. Mama yake Dokta alianguka akavunjika nyonga, naye akaenda Mikumi kumuuguza, amebeba visahani vichache vya Kumi na Saba ili aendelee kuviangalia. Huku nyuma friji la maabara aliyokuwa akitumia likafa wakati wa sikukuu, na zote zilizobaki zikaoza humo. Uhai wote wa Kumi na Saba ukawa kwenye chumba kimoja Mikumi.

Akanipigia simu. Akaniuliza kama nina shughuli. Mimi lini nikawa na shughuli.

"Maji yameniishia, Shabani," alisema. "Kuvu inakauka. Nina siku kumi za kuihamishia kwenye chakula kipya, zaidi ya hapo sijui. Nikipika chakula hicho kwa chumvi ya dukani inaota, ila haitoi njano. Na nikiizoesha hivyo, huenda isiitoe tena maisha yake yote. Nataka maji ya palepale tulipoitoa."

Mahali palepale tunapajua watu wawili, yeye na mimi. Nikamwambia yamefika.

Akaniagiza nipitie Kilosa, nyumbani kwa rafiki yake, Mama Saida wa Mabwerebwere. Kulikuwa na boksi la visahani vya kioo aliloliacha hapo gari lilipokosa nafasi. Bila visahani, maji peke yake yasingesaidia.

Nikachota dumu la lita kumi, bahari ikiwa imejaa. Na hapa nitasema kitu ambacho sikumwambia mtu: nikachota na chupa ya nusu lita, yangu mwenyewe. Shangazi yangu aliniambia zamani kwamba mtu asiyetulia mahali ana nuksi, na nuksi hutolewa kwa maji ya bahari, akinawia mbali na kwao. Siamini sana mambo hayo. Lakini chupa ilikuwepo, na maji yalikuwepo.

Kwenye basi hadi Magole

Utingo alitaka dumu liingie kwenye buti. Nikakataa, nikaliweka katikati ya miguu, na tangu hapo miguu yangu ikafanya kazi ya ulinzi. Basi likifunga breki, moyo unapanda. Likipita kwenye tuta, nainama kuangalia mfuniko.

Tulikuwa tumeshaipita Morogoro mama mmoja wa kiti cha mbele alipoinua mfuko wake kutoka chini, umelowa. Akauliza kwa sauti ya kusikika basi zima ni nani aliyekojoa. Nikaangalia chini. Mfuniko wa dumu ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na maji yalikuwa yakishuka taratibu, yakitembea chini ya viti kuelekea kwa dereva.

Nikamwomba radhi, nikamwambia si mkojo, ni maji ya bahari. Ningekuwa na akili ningekubali kuwa mkojo. Basi likatulia. Kijana aliyekaa nami akahamia kiti cha nyuma. Mwanamume wa makamo mwenye koti la suti akachukua nafasi yake, akakohoa, akaniita mtaalamu. Alikuwa na kesi ya shamba, anataka maji ya kujaza kifuniko kimoja tu cha chupa ajinawie kabla hajaingia kwa hakimu. Nikamwambia mimi si mganga, maji haya ni ya utafiti. Akasema anaelewa, waganga wa kweli huwa hawakubali mara moja.

Nikafunga mfuniko kwa nailoni na mpira wa tairi la baiskeli aliokuwa nao utingo. Nikatoa kalamu ya wino mzito nikachora mstari ubavuni mwa dumu, pale maji yalipoishia. Yalipungua kama upana wa vidole vitatu. Nikajiambia: hapa ndipo, yasishuke tena chini ya mstari huu. Nilikuwa naogopa mstari upande mmoja tu. Haikunijia akilini kwamba maji yanaweza kupanda.

Magole, mto umekataa

Magole tukakuta foleni ya magari haionekani mwisho. Mto ulikuwa umepanda juu ya barabara, mwekundu, umebeba mabua ya mahindi na mlango mzima wa nyumba ya mtu. Askari akasema tusubiri. Tukasubiri siku hiyo na siku iliyofuata.

Watu wa Magole wanajua kuishi na foleni. Mahindi ya kuchoma yalitoka, mayai ya kuchemsha yakatoka, mchana akaja mama mmoja na sufuria la wali maharage kichwani, akapakua barabarani kama yuko jikoni kwake. Wali ulikuwa wa mchele mpya, wa mashamba yaleyale yaliyozama, unanukia hadi ndani ya magari. Nilikula nikiwa nimekalia dumu. Mama wa mfuko uliolowa alinisamehe, akaniletea chai. Aliniuliza kama kweli kuna ukungu unaokunywa maji ya chumvi. Nikamweleza kila kitu. Akasikiliza vizuri, kisha akasema kwa upole kwamba hata yeye anaye mjomba aliyesoma sana, wakamkuta anazungumza na kuku.

Siku kumi zilikuwa zimebaki nane. Dokta alipiga mara mbili, hakulalamika, aliuliza tu tuko wapi. Ule upole wake ulinitesa kuliko kelele.

Asubuhi ya siku ya tatu nilichukua chupa yangu, nikaenda nyuma ya basi, nikanawa uso. Nilitumia kama theluthi. Sikusema maneno yoyote, kwa sababu siyajui yanayosemwa. Baada ya saa mbili maji yakashuka, wakaruhusu watembea kwa miguu. Msije mkanitania, nasimulia nilivyoona. Nikavuka na dumu begani, nimeshikana mikono na watu nisiowajua, maji kiunoni, yule wa kesi ya shamba akiwa mbele yangu ameinua koti lake juu kama bendera.

Ng'ambo nikapata pikipiki hadi Dumila, kisha gari la kwenda Kilosa. Kabla ya kupanda niliangalia mstari. Maji yalikuwa sawasawa na mstari.

Mabwerebwere

Mama Saida ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya watu waliozoea kuita wakati treni inapita. Baba yake aliletwa Kilosa na kazi ya reli akazikwa hapo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama suruali yenye matope hadi kiunoni, akasema, "Mwanangu, wewe umekuja kwa gari au umekuja na mto?"

Hapo ndipo nilipopumzika, na ndipo nilipoharibu.

Alinipikia kambale. Mafuriko yalikuwa yamewamwaga mabondeni na watu walikuwa wakiwaokota kama maembe. Alimtia nazi kidogo na pilipili, akasonga ugali laini, akanikalisha mkekani. Mdogo wake, Zaina, anaishi nyumba ya pili. Alikuwa amekaa pembeni anachagua mchele, amejifunga kanga juu kifuani na kuikunja mara mbili, ingawa kulikuwa na joto. Alinisalimu, kisha hakusema tena.

Mama Saida akauliza lile dumu ni la nini hata sitaki liguswe. Mnanijua. Mtu akiniuliza kitu ninachokijua, huwa sijui kusimama. Nikaeleza mikoko, kuvu, ile njano, chembe za kansa zilivyokufa ndani ya kichupa. Nilieleza vizuri, nadhani, maana wote wawili waliacha kazi. Mchele wa Zaina ulikuwa umetulia ungoni.

"Kwa hiyo huo ukungu," Mama Saida akasema taratibu, "ukinywa maji haya ndipo unaua kansa."

"Ndiyo, mama. Bila maji haya hauna nguvu."

Nilisema hivyohivyo. Sikurudia kusema kwamba ni kwenye kichupa tu. Nilikuwa nimelisema mwanzoni, nikaona inatosha.

Barabara ya Mikumi ilikuwa imekatika mahali fulani mbele, kalavati limechukuliwa na maji. Siku mbili nikawa naamka, nakunywa chai na vitumbua vyake, naenda stendi kuuliza, naambiwa kesho. Dumu nililiacha chumbani mwake, nyuma ya gunia la mpunga, mahali salama kuliko pote Kilosa. Siku ya tatu nikapata lori lililobeba matenga matupu ya nyanya. Mama Saida akanifungia chapati, akanikabidhi boksi la visahani vya kioo lililofungwa kwa kamba. Alinisindikiza hadi barabarani na hakuniangalia usoni. Nikadhani ni huzuni ya kuagana.

Nilipoinua dumu kulipandisha kwenye lori niliona ni zito. Nikajisemea, siku za kukaa zimenilegeza.

Ulaya, kwenye matope

Sasa naweza kusema nimefika Ulaya, kijiji kilichopo njiani kati ya Kilosa na Mikumi. Hatukukusudia kusimama. Kabla ya kukifikia, lori liliingia tope hadi ekseli, na dereva, mzee mmoja mtaratibu anayeitwa Mzee Kondo, akashuka, akalizunguka, akasema, "Haya, tumefika kwa leo," kama mtu aliyefika kwake.

Wakati watu wakikata matawi ya kutia chini ya matairi, mimi nilishusha dumu kulikagua. Niliangalia mstari. Nikafuta matope kwa kiganja, nikaangalia tena. Maji yalikuwa juu ya mstari kwa vidole vitatu. Dumu lilikuwa limejaa hadi shingoni, kama siku niliyolichota.

Nilibaki nimechuchumaa. Mtu akiibiwa maji, anayakuta yamepungua. Yangu yalikuwa yameongezeka. Nikaonja. Yalikuwa chumvi. Nikaonja ya kwenye chupa yangu. Nayo chumvi, lakini ina uchungu mwishoni, ule uchungu wa bahari unaobaki kwenye ulimi. Ya kwenye dumu yalikuwa kama mchuzi uliosahauliwa kutiwa kitu kingine.

Nikapanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia Mama Saida. Nilimuuliza kwa adabu kama aligusa dumu.

"Niligusa, baba. Nilichukua majagi matatu. Nikakurudishia."

"Ulirudishia nini, mama?"

"Maji. Ya bomba, masafi. Nikatia chumvi, nikawa naonja huku na huku mpaka yakalingana. Sikukupunja. Tena nimekujazia, yalikuwa yamepungua."

Jagi la Mama Saida nalijua, ni lile la kutilia uji wa watu wanane. Majagi matatu ni nusu ya dumu au zaidi. Nikauliza ya nini. Akasema ni ya Zaina. Ana uvimbe kwenye titi. Ananawia asubuhi na jioni, na kunywa kikombe.

"Mama, yale si ya kunywa. Hayatibu."

"Si ulisema mwenyewe, baba?"

Nililisema mwenyewe, mkekani kwake, nikiwa na kambale wake mdomoni.

Nilimsihi amzuie asinywe tena, akasema ataona. Simu ikakatika.

Nilirudi kwenye dumu. Hesabu ilikuwa mbaya: zimebaki siku nne, na bahari iko nyuma yangu, nyuma ya Kilosa, nyuma ya mto wa Magole. Kurudi kusingewezekana. Halafu likanijia wazo ambalo ninyi sijawahi kuwaambia. Nikimwaga hadi kwenye mstari, hakuna atakayejua. Nitafika na maji yaliyopungua kidogo kwa safari, kama inavyotegemewa. Kuvu isipotoa njano, itakuwa ni kuvu imechoka. Dokta mwenyewe alishasema huenda.

Nikafungua mfuniko, nikainamisha dumu. Yakatoka, yakaingia kwenye tope, kikombe kimoja hivi. Mzee Kondo alikuwa amesimama karibu, akauliza namwaga nini ilhali nimelilinda kama yai njia nzima. Aliuliza tu, hakuwa na neno. Nikalisimamisha, nikafunga. Nikamwambia sijui namwaga nini, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli.

Lori lilitoka kesho yake. Kuanzia hapo hadi Mikumi sikuzungumza, na mnajua mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Mikumi

Nyumba iko upande wa pili wa barabara kuu ya malori, karibu kiasi kwamba vikombe hutetemeka kabatini. Wenyeji waliniambia ndovu hufika hadi kwenye migomba ya jirani. Nilimwona mmoja siku ileile, amesimama pembeni ya barabara kama anasubiri lifti, na sikumbuki alikuwa na pembe au hana. Akili haikuwa hapo.

Dokta alinipokea mlangoni, amekonda. Nyuma yake, kitandani, alikuwa mama yake, Bibi Getruda, mtu wa milima ya Vidunda, mguu umewekwa juu ya mito. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaongeza kwamba karibu sana, katika nyumba hii ukungu hulala chumba kizuri chenye pazia, na yeye aliyemzaa mwenye ukungu hulala ukumbini.

Dokta alikuwa ameshanyoosha mikono kulipokea dumu. Nikalikumbatia, nikamwambia asubiri. Nikamweleza nikiwa nimesimama, bila kuruka kitu, hata kile kikombe nilichomwaga. Nilijitayarisha kwa matusi, machozi, chochote.

"Ameyanywa?" ndicho alichouliza. "Huyo Zaina, ameyanywa maji ya mikokoni?"

Nikasema kikombe, asubuhi na jioni. Akachukua simu yake akaenda uani. Alizungumza muda mrefu, kwanza na Mama Saida, kisha na Zaina mwenyewe. Nilisikia vipande. Alikuwa anauliza uvimbe una muda gani, unauma au hauumi, ngozi ikoje. Hakupandisha sauti. Mwisho akasema maneno ambayo nilitamani niwe nimeyasema mimi: "Dada, hayo ni maji tu. Hata ukungu wangu bado haujamtibu mtu yeyote, umeua chembe kwenye kichupa, basi. Uvimbe huo uonwe wiki hii, usingoje mimi."

Aliporudi alikaa kwenye kigoda, akalitazama dumu. Akaniambia chumvi ya dukani ina madini joto yaliyotiwa kwa ajili ya watu, hajui yatafanya nini kwa kuvu, na nusu ya yale mengine ya bahari imepotea. Atajaribu tu. Alisema hivyo kama mtu anayefunga duka.

Hapo nikajua lazima niseme. Nikaingiza mkono kwenye begi nikatoa chupa.

"Haya hayajaguswa na mtu. Ila mimi."

"Ni ya palepale?"

"Ya palepale. Dakika ileile."

"Uliyachota ya nini?"

"Ya kunawa."

"Kunawa nini, Shabani?"

Nikamtazama Bibi Getruda, nikaona hakuna pa kukimbilia. "Nuksi," nikasema.

Bibi alicheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu, akauliza kama imetoka. Dokta hakucheka. Alishaichukua chupa, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwonya kwamba niliifungua Magole na mikono yangu haikuwa misafi. Akasema mikono si neno, jiko la presha litaua kila kilichomo, litabakiza chumvi ya bahari na vyote vilivyoyeyuka humo. Akapima. Yalitosha visahani kumi na viwili vyembamba.

Mchana uleule alipika. Chakula cha kuvu kinafanana na uji wa watoto ulioganda. Akavipanga vile visahani vya kioo kutoka Kilosa, kumi na viwili vya maji ya chupa na kumi na viwili vya maji ya dumu, akaandika kwenye vifuniko "Chupa" na "Dumu". Kisha akatoa Kumi na Saba. Nilikuwa sijaiona muda mrefu. Ilikuwa imesinyaa pembeni, imekauka kama ngozi ya kisigino. Akakata vipande vidogo kama punje za mtama, akaweka kimoja kimoja. Mkono wake haukutetemeka hata malori yalipopita.

Nilipaswa kuondoka kesho yake. Sikuweza. Nikabaki nikimchotea Bibi maji, nikipalilia mahindi, na kila asubuhi nikisimama mlangoni mwa chumba chenye pazia kuuliza. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu hakuna, na Dokta akaacha kula chakula cha mchana. Bibi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wenzake wana mabinti wanaofuga kuku. Kuku akifa unamla.

Siku ya tano nyuzi nyeupe zikaonekana, kwenye Chupa na kwenye Dumu pia. Nikashangilia. Dokta akasema kuota si neno, tusubiri rangi. Siku ya sita nyeupe. Siku ya saba nyeupe. Nilianza kuota ndoto za mayai.

Asubuhi ya siku ya tisa aliniita kwa jina, mara moja. Nikaingia. Visahani vya Dumu vilikuwa vyeupe vyote, vinene, vizuri, kama pamba ya dukani. Vya Chupa, vitatu viliharibika kwa ukungu wa kawaida wa nyumbani. Tisa vilivyobaki vilikuwa na duara la njano chini yake, hafifu bado, lakini njano ileile. Tulisimama hapo hatusemi. Bibi akauliza kutoka ukumbini kuna nini, mbona kimya.

"Imetoka, mama," Dokta akajibu.

"Nuksi?"

Nilikubali kucheka siku hiyo.

Kurudi kupitia Kilosa

Ningeweza kurudi moja kwa moja kwa basi kubwa. Nilipita Kilosa kwa sababu nisingelala vizuri tena.

Mama Saida alinikaribisha, akanipa kiti badala ya mkeka, na nikajua tunazungumza rasmi. Nikatangulia kuomba radhi: nilieleza jambo vibaya, nikamfanya amnyweshe mdogo wake maji yasiyofaa. Akaniacha nimalize.

"Siku ile uliyoongea," akasema, "wewe ulipokwenda kulala, Zaina alifungua kanga akanionyesha uvimbe. Alikuwa nao tangu kabla ya Ramadhani. Kulala tunalala jirani, kupika tunapika pamoja, hakuniambia. Aliposikia kuna kitu kinachoua kansa ndipo akaona kuna maana ya kusema. Ungenyamaza, baba, mimi ningejua lini?"

Sikujua nifurahi au nione aibu, na hadi leo sijui. Akaniambia kwamba baada ya simu ya Dokta, Zaina aligoma siku mbili, akisema maji yanamfaa, uvimbe umelainika. Siku ya tatu alivaa baibui akasema twende. Walikwenda hospitali Morogoro. Wakamkata kinyama cha kupima, wakaambiwa majibu yatachukua muda.

Zaina mwenyewe alikuja nilipokuwa nafunga begi. Aliniambia bado ana kikombe kimoja cha yale maji, hajakimwaga, wala hakinywi. Kisha akaniomba namba yangu. Alisema majibu yakitoka atamwambia dada yake kwanza, halafu mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeanza. Nikamwandikia namba kwenye karatasi, nikaiandika mara mbili asije akaikosea.

Mama Saida akanipa dumu jipya, lililooshwa, lenye mfuniko mzima, na jingine dogo pembeni. Akasema nikienda tena mikokoni nimchotee na lake, lake peke yake, tusichanganyiane. Nikamwambia mama, tumeshazungumza. Akasema anajua, hilo ni la nuksi.

Ndiyo hayo. Majibu hayajatoka. Kwa hiyo mkiniona tuko kwenye bao, nina kete mkononi, simu ikaita nikaziacha na kuikimbilia, msinicheke. Mara nyingi wanaopiga ni ninyi, mnauliza kama nitakuja kijiweni. Nitakuja. Pigeni, ila semeni haraka, kisha mkate simu.